Boliti Isiyoshika Kitu

Mtaa wa vipuri ulikuwa umejaa pomoni asubuhi hiyo ya Jumamosi. Watu walibanana mbele ya maduka, huyu ameshika plagi iliyoungua, yule amejitwika nusu ya gia begani, na kila mwenye duka alikuwa anagombana na wateja watatu kwa mpigo. Katikati ya purukushani hiyo alisimama dada mmoja mrefu, gauni la njano limemkaa vizuri kiunoni, kitambaa cha rangi ya kahawia kichwani, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo jeupe. Alivyokuwa amekikumbatia, watu walimpisha bila kuombwa.

Nyuma yake kwenye foleni palikuwa na kaka mmoja mfupi, mpana wa mabega, amevaa oveoli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kalamu tatu zimejipanga mfukoni kifuani. Alichungulia lile taulo, akatabasamu.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Ana miaka arobaini na mitatu," dada akajibu bila kugeuka. "Na anakunywa petroli."

Alifunua pembe ya taulo. Ndani ilikuwa kabureta, imesafishwa ikang'aa.

"Wako mapacha," akasema. "Mmoja nimemwacha nyumbani. Huyu ndiye mkorofi, anavuja."

"Umemwogesha vizuri. Na baba yao yuko wapi, anakuacha uhangaike peke yako?"

Hapo dada akageuka. Ilimbidi atazame chini kidogo kumpata. "Gari ni la baba yangu. Alifariki, miezi kumi sasa."

Tabasamu la kaka likazimika. "Pole sana, dada. Huu mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nakuja nyuma."

Alisema hivyo kwa aibu ya kweli, na dada, ambaye tangu msiba alikuwa amechoshwa na pole za watu, akajikuta anacheka. Dukani gasketi ya kuzuia kabureta ile isivuje haikuwepo, wala haikutegemewa kuwepo. Wote wawili, kwa sauti moja, wakaagiza karatasi ya gasketi wakate wenyewe. Wakatazamana. Mwenye duka naye akawatazama, akaguna, akasema wengine wanasubiri.

Dada alikuwa anatengeneza meno bandia kwenye maabara moja ya meno, na wenzake walimwita Fundi Meno. Kaka alikuwa fundi wa lifti. Fundi Meno aliposikia hivyo alimpima kwa macho toka kichwani hadi miguuni, safari ambayo haikuwa ndefu, akampa jina papo hapo.

"Basi nitakuita Ghorofa."

"Niite unavyotaka," kaka akasema, "ilimradi uwe unaniita."

Wiki mbili zilizofuata simu haikupoa. Ghorofa alipiga akiwa juu ya paa la jengo, upepo unavuma kwenye sikio la Fundi Meno. Alipiga akiwa chini kabisa shimoni mwa lifti, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Unanihoji kama askari." "Askari hajui kubembeleza hivi." Fundi Meno alikuwa anasaga meno ya watu huku anatabasamu peke yake, wenzake wakakonyezana.

Lakini habari ya gari aliichelewesha. Gari lile halikuwa la kuonyeshwa kila mtu.

Lilikaa kwenye banda la matofali ubavuni mwa nyumba ya mama yake, alikoishi. Lilikuwa la michezo, la viti viwili tu, la rangi ya kijani kibichi iliyokoza, paa la turubai, mbele refu, nyuma fupi, taa mbili za mviringo. Baba alilinunua likiwa mabati na kutu tupu, akalifufua mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili, Jumamosi kwa Jumamosi. Alilipa jina la Bi Mdogo. Mama naye akaapa kwamba hataingia chumba cha mke mwenzake, na kwa miaka yote ishirini na miwili alikuwa anaishia mlangoni na kikombe cha chai, anakiweka juu ya kizingiti, anaondoka.

Baba alikuwa na taratibu zake. Kila nati aliyoikaza aliipiga mstari mweupe wa rangi kwa brashi ndogo, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake, na mwishoni mstari ulikuwa unapinda kidogo kama mkia. Nati ikilegea, mstari unakatika, nawe unajua. "Mkono unasahau, mwanangu," alikuwa akisema. "Mstari hausahau." Bandani palikuwa na kopo lake la rangi nyeupe. Wiki aliyofariki likakauka, likawa jiwe. Fundi Meno akaanza kutumia rangi yake ya kucha, nyekundu.

Na palikuwa na boliti moja. Ilichomoza kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva, nene, safi, haina nati, haishiki kitu chochote. Baba alipekua vitabu, aliuliza mafundi, hakuna aliyejua kazi yake. Mwishowe akawa anaipaka mafuta tu isipate kutu. "Hii inamsubiri mwenyewe," akawa anasema.

Siku aliyofariki walikuwa wamepanga kulinganisha mapacha. Kazi hiyo huifanyi kwa macho. Unawasha injini, unachukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza jinsi inavyovuta hewa. Halafu unahamia kwa pacha wa pili. Unakaza na kulegeza skrubu kwa bisibisi yako mpaka pumzi zote mbili ziwe sawa. Baba masikio yalikuwa yameanza kuchoka. Alimtegemea binti. "Nakuja baba, nusu saa," Fundi Meno alimwambia kwenye simu, naye alikuwa saluni na rafiki zake, na nusu saa ikawa masaa manne. Alipofika alimkuta baba amekaa kwenye kiti cha dereva, kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho kwa ajili ya miguu yake mirefu, kipande cha bomba mkononi, macho yamefumbwa. Mkono ulikuwa umeshapoa. Tangu siku hiyo Fundi Meno alitaka jambo moja tu duniani: kujua kama baba aliondoka amemkasirikia. Na jambo hilo hakuna wa kulijibu.

Jumamosi ya tatu akapiga moyo konde, akamkaribisha Ghorofa bandani.

"Masharti," akamwambia, akiwa amevaa suruali ya zamani ya baba iliyokunjwa miguuni na kufungwa kiunoni kwa mkanda. "Shika taa. Shika kikombe. Shika adabu. Gari usilishike."

"Na mwenye gari?"

"Mwenye gari anafikiriwa."

Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini, yeye chini ya gari, Ghorofa ameshika taa, anamchekesha mpaka spana inamponyoka. Mama alisimama mlangoni na chai, akamwangalia mgeni, akaweka vikombe viwili kizingitini badala ya kimoja. Fundi Meno akaingia ndani kunawa. Aliporudi, Ghorofa alikuwa amesimama kando ya gari na taa yake, kimya, ameshika adabu.

Kesho yake Jumapili, Fundi Meno aliingia tena chini ya gari kumalizia breki za mbele. Akamulika. Nati ya breki ya kulia ilikuwa na mstari mweupe.

Alibaki amelala chali. Mistari ya zamani ya baba aliijua yote, ilikuwa imefifia ikawa ya njano. Huu ulikuwa mweupe pe. Na nati hii aliifungua yeye mwezi uliopita na kuipaka rangi ya kucha, ambayo sasa ilikuwa imebanduka. Akaitia spana. Ilikuwa imekazwa barabara. Akagusa mstari kwa kidole, mwili ukamsisimka kuanzia kisigino.

Alimpigia Ghorofa akiwa bado ana vumbi mgongoni.

"Kuna mtu amekaza nati yangu."

Akajifuta vumbi usoni, akisubiri.

"Ghorofa, uko?"

"Nipo."

"Kapiga mstari mweupe. Kama baba. Sina rangi nyeupe mimi, kopo lilishakuwa jiwe." Akaegemea tairi. "Unadhani nimeanza kuchanganyikiwa?"

"Hapana, mpenzi," Ghorofa akasema taratibu. "Hujachanganyikiwa."

"Basi ni yeye."

Ghorofa akasema anaitwa kazini, lifti imenasa na watu.

Jumatatu jioni, alipotoka kazini, Fundi Meno alifungua mlango wa gari ili akae kidogo, akashtuka. Miguu yake haikufikia klachi. Yeye ni mrefu, lakini baba alikuwa mlingoti, na kiti alikuwa amekivuta mbele siku nyingi. Sasa kilikuwa nyuma hadi mwisho. Kioo cha kutazamia nyuma nacho kilikuwa kimeinuliwa. Alipokitazama hakuona dirisha, aliona turubai la paa tu. Mtu aliyekitega alikuwa na macho yaliyo juu zaidi kuliko yake. Akakivuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akatoka kinyumenyume.

Ikaendelea hivyo. Jumamosi Ghorofa anakuja, wanafanya kazi, wanacheka, wanashikana mikono yenye grisi. Jumapili pana mstari mpya, mara kwenye breki ya nyuma, mara kwenye mkono wa usukani. Na katikati ya wiki kiti kinarudi nyuma. Fundi Meno akaacha kuogopa. Akaanza kusalimia anapoingia bandani. Akaanza kuacha nati nyingine hazijakazwa vizuri, kwa makusudi, aone. Ghorofa alipomwalika waende kutembea ufukweni mwa ziwa, alisema hawezi, ana kazi. Alipomwalika mara ya pili hakupokea simu.

"Unaongea na nani humo ndani?" mama aliuliza siku moja kutoka kizingitini.

"Na gari, mama."

"Mimi nimemsema mke mwenzangu miaka ishirini na miwili hajanijibu hata neno. Akianza kukujibu wewe, uniite." Lakini hakucheka, na chai ilimwagika kidogo alipoiweka chini.

Siku ya kuwasha injini ilifika. Iliguna, ikakohoa moshi wa buluu, ikashika. Banda zima likatetemeka. Fundi Meno alichukua kile kipande cha bomba, akaweka ncha moja sikioni, nyingine kwa pacha wa kwanza. Akasikia hewa inavutwa, nzito, ya kawaida. Akahamia kwa pacha wa pili, mkorofi. Hewa. Na nyuma ya hewa, mbali kidogo, mtu akakohoa. Mara mbili, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kama alivyokuwa akifanya baba kila anapotaka kuanza kusema jambo.

Alisubiri. Jambo lenyewe halikusemwa. Kikohozi kikarudi, mara mbili, kisha hewa.

"Sikiliza," akampa Ghorofa bomba. Uso wake ulikuwa umelowa machozi naye hajui.

Ghorofa alisikiliza kwa makini muda mrefu, sikio hili, kisha lile. "Nasikia hewa," akasema. "Inavuta zaidi upande huu. Kaza kidogo skrubu."

"Husikii kitu kingine?"

"Sisikii, mpenzi. Kwa nini unatetemeka?"

Alizima injini. Tone la petroli lilisikika likidondoka. Ghorofa akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema kile alichokuwa amekibeba mwezi mzima.

"Nataka tuoane."

Fundi Meno alimtazama. Alikuwa anampenda, hilo alikuwa na hakika nalo kabisa. "Na mimi nataka," akasema. "Ila ngoja. Yuko karibu kusema. Akisema, nitakujibu."

"Nani?"

"Baba. Si unaona mistari?"

Ghorofa alikaa juu ya tairi la akiba. Alionekana mdogo zaidi. Akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu za kifuani, akavua kifuniko, akachora mstari mfupi mweupe kwenye ukuta wa tofali. Ulikuwa mweupe pe.

"Kwenye lifti tunafanya hivihivi," akasema. "Kila nati. Watu wananing'inia hapo chini, huwezi kubahatisha. Siku ile ya kwanza nilimulika nikaona rangi yako ya kucha imebanduka, nati ya breki inazunguka kwa kidole. Ulikuwa umeniambia nisishike. Nikaogopa kukuambia, nikaogopa zaidi kukunyamazia. Nikaikaza. Na mkono wangu ukishakaza lazima upige mstari, umezoea. Kesho yake ukanipigia, ukasema ni yeye."

"Na ile mingine?"

"Kila ulipokwenda kunawa. Nilikuwa nakaza ulichoacha. Nikasema ngoja afurahi wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Nimekosa. Nimekosa sana."

Fundi Meno hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Usinifanye mtoto. Kiti cha dereva. Kioo. Kila wiki."

"Mimi nimechora mistari," Ghorofa akasema. "Kiti sijakigusa. Nitazame nilivyo. Ningekaa pale ningekivuta mbele mpaka nibusu usukani, ningekisukuma nyuma kwa nini?"

"Ili nidhani ni yeye."

"Sikufanya."

"Ukikiri, kiri yote. Sema ulikigusa kiti, niweze kukusamehe leo hii."

Lilikuwa neno moja tu, na angelisema wangekumbatiana palepale. Fundi Meno alimwona anavyolipima. "Siwezi," Ghorofa akasema hatimaye. "Nimeshakudanganya mwezi mzima kwa mkono. Sitakudanganya kwa mdomo."

"Basi ondoka. Umenifanya nimzike baba mara mbili."

Aliondoka. Alipofika kizingitini aliruka kikombe cha chai asikipige teke, akaenda zake.

Fundi Meno alinunua kofuli jipya, ufunguo mmoja tu, akauvaa shingoni kwa uzi. Akavuta kiti mbele. Akatega kioo. Akarudi kwenye maisha yake ya kusaga meno, amenuna, hali chakula vizuri, na simu ya Ghorofa ikilia anaigeuza kifudifudi. Siku ya nne ikaacha kulia. Hapo ndipo alipoanza kuitazama kila baada ya dakika tano.

Jumamosi alifungua kofuli. Kiti kilikuwa nyuma hadi mwisho.

Alisimama na ufunguo mkononi, uzi bado shingoni. Alitafuta dirisha, banda halina dirisha, lina kipande kimoja cha kioo cha kuingizia mwanga kilichojengewa ukutani, hata paka hapiti. Akaenda kazini kwake siku hiyohiyo, akarudi na mfuko wa unga wa plasta, ule mweupe laini wanaotengenezea mifano ya meno. Akavuta kiti mbele. Akatandaza plasta sakafuni kuzunguka gari zima, kwa chekecheo, mpaka ikawa kama kitambaa kimoja kisicho na mkunjo. Unga ule unashika hata alama ya mguu wa mende. Akatoka kinyumenyume akiufuta mguu wake mwenyewe kwa brashi, akafunga kofuli.

Jumapili asubuhi plasta ilikuwa vilevile. Hakuna unyayo, hakuna alama. Na kupitia dirisha la gari aliona kiti kiko nyuma.

Nywele zilimsimama. Lakini alichokifikiria kwanza si baba. Alimfikiria mtu mfupi aliyekaa juu ya tairi la akiba, amepewa uongo mmoja mwepesi wa kumwokoa, akaukataa.

"Hallo," Ghorofa alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Hukukigusa kiti."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Sikukigusa."

"Nilitaka useme uongo ili nipate usingizi. Ukakataa, nikakufukuza. Nisamehe." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Shuka, Ghorofa. Njoo. Ninaogopa na ninakupenda, na vyote viwili siwezi peke yangu."

"Nashuka," akasema. "Kwa ngazi. Lifti naitengeneza."

Alifika na jasho, kofia ya kazi kichwani, oveoli kwa mara ya kwanza ina makunyanzi. Fundi Meno alikuwa amekaa kizingitini, gauni lake la njano limejaa plasta. Walikumbatiana pale nje bila maneno mengi. Kichwa cha Ghorofa kilimfika shingoni, penye ufunguo. Kisha akamwonyesha unga na kiti. Ghorofa alitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa nyaya na vyuma, kila kinachotembea lazima kuna kinachokivuta, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Una nini cha kusema?" Fundi Meno akauliza.

"Nina kitu cha kuuliza, ila si wewe." Akatia mkono mfukoni, akatoa pete nyembamba ya dhahabu. Alikuwa nayo tangu ile Jumamosi ya ugomvi. "Wewe ulishanijibu kwamba unataka. Anayesubiriwa kusema ni yeye. Sasa mimi sitajificha tena nikimfanyia kazi yake. Nitamuuliza usoni."

Alikanyaga plasta, akafungua boneti, akaitazama injini mpaka macho yakatua kwenye ile boliti isiyoshika kitu. Akaivisha pete. Ilining'inia pale, imelegea, inachezacheza.

"Mzee," akasema, na kofia ameivua, "mimi ndiye niliyeiga mkono wako. Nisamehe. Binti yako nampenda, na breki zake nitaziangalia. Kama hutaki, idondoke tu, nitaiokota niende."

Fundi Meno alikuwa ameweka mkono kinywani. Akaona na yeye aseme. "Baba, nilichelewa," akasema, akaishia hapo.

Wakatandaza plasta upya. Wakafunga boneti, wakafunga kofuli, na ufunguo ukarudi shingoni.

Asubuhi walikuwa watatu mbele ya mlango. Mama alikuwa ameshuka na kanga yake ya nyumbani, hana chai. "Mmenifanya nisilale," alilalamika, "nataka kuona mke mwenzangu amejibu nini."

Plasta ilikuwa safi. Fundi Meno aliikanyaga kwanza, Ghorofa nyuma yake. Akainua boneti.

Pete haikuwa inachezacheza. Juu ya pete palikuwa na washa, kile kipete bapa cha chuma, juu ya washa nati nene ya zamani, ya aina ambayo mtaa mzima wa vipuri haukuwa nayo. Na kutoka kwenye nati, kupita kwenye washa, juu ya dhahabu, hadi kwenye chuma, ulishuka mstari mweupe. Haukuwa wa kalamu. Ulikuwa wa brashi, na mwishoni ulipinda kidogo kama mkia.

Fundi Meno alinyoosha mkono akauondoa haraka. Injini ilikuwa baridi, lakini nati ilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka kushikwa mkononi muda si mrefu.

"Imekazwa kweli," Ghorofa akanong'ona alipoijaribu na spana. "Tuifungue? Mstari utakatika."

"Pete ni ya kidoleni," mama akasema. Wakageuka. Alikuwa amesimama katikati ya banda, miguu yake kwenye plasta, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kijani cha gari. "Yeye amemaliza kazi yake. Fungueni."

Fundi Meno ndiye aliyefungua, maana gari ni lake. Ilihitaji nguvu za mikono miwili. Pete ilitoka na alama ndogo ya kubanwa upande mmoja, na chembe ya rangi nyeupe, na Ghorofa akamvisha hivyohivyo bila kuifuta.

Kisha Fundi Meno akafungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa mbele. Hakikuwa nyuma kwa mtu mrefu kama mlingoti, kilikuwa mbele, kwenye jino lilelile la reli yake alilokuwa akikiweka yeye. Cha abiria kilikuwa mbele zaidi, kwa mtu mfupi. Akakaa. Miguu ilifika. Kwenye kioo aliona mlango wa banda, na mwanga, na mama yake anafuta macho kwa pindo la kanga.

Akawasha. Injini ilishika mara moja. Alishuka, akachukua kipande cha bomba, akaweka ncha moja sikioni. Pacha wa kwanza. Pacha wa pili. Alisikiliza muda mrefu sana, Ghorofa amemshika bega, akingojea kile kikohozi kidogo cha mtu anayetaka kuanza kusema.

Ilikuwa hewa tu, sawa huku na sawa huku.